Aliyengoja Stesheni

Mwalimu Muhsin wa Handeni aliandika hadithi fupi moja tu maishani mwake, na kwa namna alivyotembea nayo ungedhani ameandika kabati zima la vitabu. Iliitwa "Treni ya Saa Tano". Ilitoka mwaka 1984 katika jarida la walimu ambalo lenyewe halikuishi hata miaka miwili, lakini walimu wenzake waliipenda, wakaichapa kwa stensili na kuigawa shule hadi shule. Ikafika mahali mtoto hamalizi darasa la saba, awe wa Handeni au wa Korogwe, bila kukutana nayo kwenye mtihani wa ufahamu.

Habari yake ni rahisi. Kijana mwalimu na Stela, binti wa mkata mkonge, wameahidiana kupanda treni ya saa tano asubuhi pale Korogwe, wakafunge ndoa mbali na macho ya wazazi. Kijana anangoja kutwa. Stela hatokei. Jioni anapita barabarani ndani ya lori la tajiri wa machungwa, hata mkono hapungi. Miaka inakwenda, tajiri anamtelekeza, na Stela, akiwa bibi kizee sasa, anarudi stesheni peke yake kulia. Sentensi ya mwisho watu waliikariri kama sala: "Na machozi yake yakaanguka vumbini, na vumbi halikuuliza ni ya nani."

Swali la mtihani halikubadilika miaka yote: Kwa nini Stela alilia? Alama mbili. Jibu sahihi: kwa sababu ya majuto. Vizazi viwili vya watu wazima katika wilaya hizo mbili, wakiwemo madereva, wauguzi na diwani mmoja, walipata alama mbili kwa majuto ya Stela.

Watu walipomuuliza Mwalimu kama kisa kilikuwa cha kweli, alikuwa anatazama mbali, anakohoa kidogo, halafu anasema mwandishi haulizwi. Lakini Handeni si mji wa kuficha kitu. Kila mtu alijua Stela ni Stefania, binti wa Kinyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge Korogwe, ambaye baadaye aliolewa na fundi mitambo wa Hale na kubaki huko. Akibanwa zaidi, Mwalimu alikuwa na kichaka cha kujifichia. "Yule ni mtani wangu," alisema. "Mzigua na Mnyamwezi, tutafanyiana nini? Ule ulikuwa utani tu." Na nani atabishana na utani? Mtani anaweza kukutukana msibani ukamshukuru.

Basi Jumapili moja ya mwaka jana, Mwalimu akiwa barazani na kikombe chake cha chai, akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, begi la kamera begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Yusra, wa Mbwana fundi cherehani."

"Aa, Mbwana! Herufi zake zilikuwa zinapanda mlima. Hajambo?"

Mbwana alikuwa hajambo. Yusra alikuwa mpiga picha za video: harusi, maulidi, vipaimara, mahafali. Alikuwa amechoka kupiga picha watu wakilishana keki, akataka kutengeneza filamu yake ya kwanza. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya wiki moja Tanga, na huko akasikia jambo lililomnyima raha mpaka akafika kwenye baraza hii.

"Mwalimu, filamu za mwanzo kabisa duniani zilikuwa bubu. Zilikuwa fupi, dakika kumi, kumi na tano. Na nyingi zilitolewa kwenye hadithi fupi ambazo watu walikuwa wanazijua tayari. Mtu akiona sanduku na reli tu, anajua tuko wapi. Maneno machache yakaandikwa kwenye kadi, yakapigwa picha, yakachomekwa katikati. Mimi maikrofoni yangu inaokota upepo na bodaboda tu. Nikasema, kama wale walianza bubu, na mimi nitaanza bubu. Na hadithi inayojulikana na kila mtu hapa ni moja."

Mwalimu aliweka kikombe chini polepole. Alikuwa ameingoja siku hii tangu kabla Yusra hajazaliwa, lakini mtu mzima haruki juu ya kiti.

"Na hao waandishi," akauliza, "walisemaje hadithi zao zilipochukuliwa?"

"Wengi walilalamika."

"Ni haki yao," akasema Mwalimu, na akakubali kabla chai haijapoa.

Kadi ndizo zilizowagombanisha kwanza. Mwalimu alikuwa na ubao mweusi barazani, wa kuwafundishia watoto wa jirani, na mwandiko wake wa chaki ulikuwa wa kupendeza kweli, hilo tusimnyime. Wakakubaliana kadi zote ataziandika yeye kwenye ubao, Yusra apige picha. Akaandika sentensi ya kwanza ya hadithi yake. Ilijaza ubao wote, ikateremka hadi kwenye fremu.

"Mwalimu, haya ni maneno arobaini na matatu."

"Ndiyo. Nilikuwa kijana, nilikuwa na pumzi."

"Kadi inakaa sekunde nne. Mtu anaweza kusoma maneno saba."

"Saba! Hata salamu haijaisha!"

Akafuta, akaenda ndani, akarudi kesho yake na sentensi ile ile, ila ameondoa mikato yote. Yusra akasema mkato si neno. Mke wa Mwalimu, Bi Mwaija, aliyekuwa anachambua mchele karibu na mlango, akacheka mpaka ungo ukamwagika. Mwishowe kadi ya kwanza ikawa hivi: "Korogwe. Kijana anangoja treni. Anamngoja mchumba pia." Mwalimu aliitazama kama mtu anayetazama mtoto wake amenyolewa upara. Lakini moja aliisimamia kidete. Sentensi ya mwisho, ile ya vumbi, itakaa nzima, hata kama watu watasoma kwa sekunde ishirini. Bila hiyo hakuna filamu. Yusra akasema, tutaona.

Sehemu za ujana zilipigwa kwa siku moja na vijana wawili wa Korogwe, na Mwalimu aliridhika nazo, hasa kijana wa kiume, ambaye aliona amefanana naye ingawa hakuna mwingine aliyeona hivyo. Ikabaki sehemu ya mwisho: Stela mzee analia stesheni. Yusra akasema amempata bibi mmoja wa Hale, hodari, hana aibu na kamera. Mwalimu hakuuliza jina. Pengine masikio yake yalisikia Hale, na akili ikaamua kutosikia.

Asubuhi ya siku hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki jukwaani pale stesheni ya Korogwe, amevaa koti, kurasa za hadithi yake mkononi. Mbele yake reli mbili, na ng'ambo ya reli ghala la zamani la mkonge, mabati yameliwa na kutu. Bodaboda ikasimama. Akateremka mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, gauni la buluu, kifurushi mkononi. Akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti cha plastiki na kusimama mbele yake.

"Mzigua," akasema.

Mwalimu akajibu, "Mnyamwezi."

"Kumbe hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie, nije nile ubwabwa wa matanga yako."

"Utautafuna na nini? Meno yako yalishatangulia."

Yusra akacheka, na Mwalimu naye akacheka, ingawa kicheko chake kilikuwa chembamba. Walikuwa hawajaonana ana kwa ana miaka arobaini na moja, ilhali Handeni na Hale ni mwendo wa asubuhi moja tu, na si kwamba basi lilikosekana. Mwalimu alitamani koti lake lingekuwa kubwa zaidi, aingie mzima ndani yake.

"Nilipomfuata Bibi Stefania kumuomba ruhusa," Yusra akaeleza, "alisema ruhusa anatoa, ila ataigiza mwenyewe."

"Ni haki yangu," Stefania akasema. "Mwaka ule mtani wangu alinitania gazetini. Mtani anajibiwa, ndiyo sheria. Lakini mimi sikuwa na gazeti. Leo nina kamera." Akakaa kwenye benchi, akaweka kifurushi magotini. "Unajua, Mwalimu, mwanangu Getruda alipofika darasa la saba pale Hale, aliletewa hadithi yako kwenye mtihani. Kwa nini Stela alilia? Akaandika: Stela hakulia, aliondoka na miguu yake. Nilishamsimulia mwenyewe. Alipata sifuri. Alirudi nyumbani ananinunia mimi."

Mwalimu akatazama karatasi zake. Alikuwa mmoja wa waliosahihisha mitihani ya wilaya hizi mbili miaka ile. Hakuthubutu kuuliza ulikuwa mwaka gani.

Yusra akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akaeleza: Bibi akae, atazame reli, akumbuke, alie. Stefania akaitikia kwa kichwa. Kamera ikaanza.

Akakaa. Akatazama reli upande wa Moshi, kisha upande wa Tanga. Hakulia. Alikuwa amejiweka sawa, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeambiwa wageni wanafika sasa hivi. Baada ya muda akafungua kifurushi, akatoa karanga, akala moja moja. Akafuta vidole. Akalainisha gauni juu ya magoti. Akaangalia jua lilipofika. Kisha akainama, akavua viatu, akasugua kisigino.

Mwalimu alivumilia mpaka hapo.

"Hapana! Simamisha! Stela analia! Huyu anakula karanga!"

"Mwalimu, sema tu, filamu haina sauti," Yusra akasema bila kutoa jicho kwenye kamera. "Ila usiingie kwenye picha."

"Mtani amekasirika," Stefania akasema bila kugeuka. "Faini ni kuku. Mtani hakasiriki, na akikasirika basi haukuwa utani. Au siyo, Mzigua?"

"Sijakasirika! Nataka kazi ifanywe sawasawa!" Alikuwa amesimama sasa. Ualimu wa miaka thelathini na sita ulikuwa umempanda kichwani, ule ugonjwa wa kushindwa kuliona kosa na kulipita. "Na hata hayo unayoyafanya unakosea! Viatu ulivua kwanza, ndipo ukala karanga. Ulianza na cha kushoto. Vilikuwa vipya, vimekuchubua!"

Mkono wa Stefania ulibaki kwenye kisigino.

"Umejuaje?" akauliza.

Mwalimu akafungua mdomo. Alikuwa mtu ambaye tangu aanze kazi hajawahi kukosa jibu mbele ya darasa. Mdomo ukakaa wazi, na macho yake, bila kumwomba ruhusa, yakaenda ng'ambo ya reli.

Stefania akayafuata mpaka kwenye ghala. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Ulikuwa pale," akasema.

Mwalimu akakaa chini.

"Miaka arobaini na moja nimejua kwamba hukuja. Nikakutafutia sababu. Nikasema baba yake kamzuia, hataki mkwe Mkristo, binti wa manamba wa mkonge. Nikasema kaugua, basi limekwama. Ulipoandika ile hadithi nikasema, ana aibu, anataka kujikosha, mwache. Sababu zote nilizitafuta mimi mwenyewe, kwa ajili yako. Ile ya kwamba ulikuwepo haikunijia."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyomuumiza zaidi. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Akavaa viatu, akafunga kifurushi, akasimama, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Yusra hakuzima kamera. Alimfuata kwa kamera mpaka gauni la buluu likapotea nyuma ya vibanda vya soko.

Siku mbili baadaye Yusra akafika Handeni. Hakukaa. Alisimama kando ya ubao.

"Picha ninazo, Mwalimu. Bibi anangoja, anakula karanga, anavua viatu, anavivaa, anaondoka. Nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Lakini picha haina mdomo. Nikiiwekea sentensi yako ya machozi na vumbi, watu wataona majuto, wataapa kwamba walimwona analia. Nikiiwekea nyingine, wataona kingine. Sitaki kuiandika mimi. Jumamosi saa tisa tunaonyesha ukumbini, nusu ya mji inakuja. Nipe kadi Ijumaa." Akaondoka.

Basi jambo lenyewe ndilo hilo. Mwalimu angeweza kuandika sentensi yake, maneno yale yale ambayo watu wanamsalimia nayo sokoni, na Stefania angekuwa mwenye majuto kwa mara nyingine, safari hii kwa sura yake halisi, mbele ya watu walio hai. Au angeandika kingine, na mtu aliyeachwa stesheni, ambaye Handeni yote imemheshimu kwa huzuni yake, angekufa Jumamosi saa tisa na nusu. Aliogopa. Hebu tuseme wazi: alimwogopa Stefania, aliwaogopa wanafunzi wake wa zamani, na zaidi ya wote alimwogopa mke wake, ambaye alikuwa hajasema neno tangu Mwalimu arudi kutoka Korogwe.

Alhamisi asubuhi, akimenya mihogo, Bi Mwaija akasema.

"Yusra amenisimulia."

"Mimi niliolewa na mwanamume aliyeachwa stesheni. Mama yangu aliniambia, huyu ameumizwa, mpikie vizuri. Miaka thelathini na tisa nimekupikia vizuri. Hata ulipokuwa unakoroma nilikuwa nasema, mwache, aliumizwa." Akatupa muhogo kwenye sufuria, maji yakaruka. "Kumbe huruma yote ile nimempa mtu asiyehusika. Nirudishie, nimpelekee mwenyewe."

"Nikiandika ukweli, Mama Rehani, watu wataniona vipi?"

"Watakuona tu. Si ndicho ulichokikimbia siku ile, kuonekana?"

Mwalimu akaenda kwenye ubao, akachukua chaki, akaandika habari ndefu kuhusu baba yake, wazee wa ukoo, dini, na nyakati zile zilivyokuwa ngumu. Bi Mwaija akaja na kisu mkononi, akasoma mpaka mwisho.

"Baba yako naye alikuwa nyuma ya ghala?"

Mwalimu akafuta. Akaandika kwamba mapenzi ni fumbo. Mke wake hata hakusoma, alisonya tu akirudi jikoni. Akafuta. Akakumbuka siku yenyewe, jambo ambalo kwa miaka yote alilikwepa kwa kusimulia ile nyingine. Alifika saa tatu, mapema, na tiketi mbili mfukoni. Alimwona Stefania anakuja na gauni la buluu na sanduku, viatu vipya, anachechemea kidogo na huku anacheka peke yake. Akasema, nitavuka akishakaa. Binti akakaa. Akasema, nitavuka treni ikikaribia. Treni ikaja, ikasimama kati yao, ikaondoka, na yeye bado alikuwa pale. Baada ya hapo kila saa iliyopita iliifanya inayofuata iwe nzito zaidi, mpaka jua likazama na yeye akaondoka.

Aliandika tena na kufuta mpaka vumbi la chaki likamjaa kwenye nyusi. Ijumaa Yusra alipokuja alikuta ubao umeandikwa. Akausoma. Akapiga picha. Akamwambia asante, Mwalimu, kwa heshima ambayo hakuwa nayo siku ya mikato.

Jumamosi madirisha ya ukumbi wa shule yalizibwa kwa mablanketi, na kabla ya saa tisa madawati yalikuwa yamejaa. Walikuja waliofanya mtihani ule miaka ya themanini na waliofanya miaka ya tisini, na walikuja na watoto wao. Diwani alikuja. Mbwana fundi cherehani alikuja na koti alilolishona mwenyewe. Mwalimu alikaa nyuma kabisa, kwenye kona ya projekta, na alipoinua macho akaona mbele kabisa, upande wa pili wa ukumbi, mke wake amekaa, na pembeni yake gauni la buluu. Bi Mwaija ndiye aliyekuwa amempigia simu. Walikuwa wanakula karanga pamoja kutoka kwenye karatasi moja na kunong'onezana. Hakuna kitu kilichomtisha Mwalimu siku hiyo kama kile kinong'ono.

Filamu ikaanza. Kila kadi ilipotokea, ukumbi mzima uliisoma kwa sauti moja, kama darasa la tatu: "Korogwe. Kijana anangoja treni. Anamngoja mchumba pia." Walicheka kijana alipotazama saa yake kila dakika. Walizomea lori la machungwa. Kisha akatokea Stefania kwenye benchi, na ukumbi ukatulia, kwa sababu walimtambua, na wengine wakageuka kumtazama yeye mwenyewe alivyokaa pale mbele, anatafuna.

Walijua kinachofuata. Mtu mmoja akaanza chini kwa chini, na wengine wakapokea: "Na machozi yake yakaanguka vumbini..." Wakangoja machozi. Mwanamke pale ukutani akala karanga. Wakarudia, "Na machozi yake..." Akavua viatu. Sauti zikapungua. Akatazama ng'ambo ya reli, kwa muda mrefu, kitu kisichoonekana kwenye picha. Akavaa viatu, akafunga kifurushi, akaondoka, na kufikia hapo hakuna aliyekuwa anakariri chochote.

Ikaja kadi ya mwisho, chaki nyeupe, mwandiko ambao kila mtu pale alifundishwa kuuiga:

"Nilimwona akingoja. Sikuvuka reli."

Hawakuisoma kwa sauti. Waliisoma kila mtu kimya chake. Yusra akateremsha blanketi moja, na jua la alasiri likaingia, na vichwa vikaanza kugeuka kutafuta kona ya projekta. Mbwana fundi cherehani akasimama, na kwa kuwa mbele ya Mwalimu Muhsin hakuna aliyewahi kukua, akanyoosha mkono kwanza.

"Mwalimu. Yale majuto. Yalikuwa ya nani?"

Mwalimu akasimama. Akashika meza ya projekta.

"Yangu," akasema.

Alikuwa na mengi ya kuongeza. Alikuwa amejiandaa na hotuba, ilikuwa mfukoni mwa koti, kurasa mbili na mikato yake yote. Hakuitoa. Watu walikuwa wanamtazama, nusu ya mji, na aliona ajabu kwamba bado amesimama na paa halijaanguka.

Kule mbele Stefania akakung'uta maganda ya karanga kwenye gauni.

"Jana nilipita Korogwe," akasema, si kwa kuhutubia, kama anayemwambia jirani, ila ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Nikavuka kutoka benchi hadi pale ghalani. Ni hatua kumi na mbili."

"Kumi na nne," Mwalimu akasema.

Watu wakaguna. Bi Mwaija akafunika uso kwa viganja. Hata kwenye hili jamani, anasahihisha!

"Kumi na nne," akarudia. "Nilizihesabu kwa macho. Kutwa nzima nilizihesabu."

Stefania alimtazama, kisha akatazama ule ukumbi uliokuwa kati yao, madawati, watoto waliokaa chini, waya wa projekta. Alikuwa na haki ya kumwacha pale pale nyuma mpaka watu watawanyike, na wapo waliotaka afanye hivyo. Akasogea kwenye benchi kumkaribia Bi Mwaija, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Basi vuka, Mzigua," akasema.

Watoto wakakunja miguu kumpisha, naye akaanza kwenda.